Kadi Kumi na Nne za Bibi Harusi

Carama, Jumanne 20 Februari 2024

Bismillahi. Daftari hili nimepewa na Orlane, rafiki yangu wa sekondari, siku ya harusi. Wengine walileta masufuria na mablanketi, yeye kaleta daftari, akaninong'oneza: "Andika kila kitu, hata vile hauwezi kuniambia."

Basi naanza na kile ninachoweza kumwambia kila mtu: nina mume! Nina siku tatu za ndoa, na mume wangu anaitwa Tajudini, na nikiliandika jina hilo nalirudia kwa sauti hata kama niko peke yangu. Tajudini. Ni mrefu, kicheko chake kinaanzia tumboni, na akirudi kutoka gereji ya baba yake kule Buyenzi ananawa mikono mara tatu kabla ya kunigusa, nisije nikanuka mafuta ya gari. Mara tatu! Nimemwambia aje na mafuta yote ya Buyenzi, nitamkumbatia tu.

Tunakaa vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Mvua inanyesha kila alasiri na uwanja unakuwa tope. Hata tope la hapa nalipenda.

Alhamisi 22 Februari

Siruhusiwi kutoka. Mama mkwe wangu, Mama Khadidja, ni Mwislamu wa mji tangu mababu, lakini mama yake mzazi alitoka Muramvya, huko milimani, na katika nyumba hii mila za pande mbili zinakula sahani moja. Kwa hiyo bibi harusi havuki lango mpaka watu wa kwao waje kumfunua. Wenyewe wanaita gutwikurura. Harusi yetu iliharakishwa ili iitangulie Ramadhani, na shangazi zangu hawawezi kuja kabla ya Idi. Karibu miezi miwili! Hakuna soko, hakuna kwenda kwa mama, hakuna hata kushika ndoo.

"Mukazana wangu," ananiambia Mama Khadidja, yaani mke wa mwanangu, "kaa, unenepe, ngozi ing'are. Kazi itakungoja, haikimbii."

Sasa nieleze jambo la maana. Taju amemaliza masomo ya jiografia chuoni, imebaki mémoire tu, ile kazi ndefu ya utafiti ambayo mtu anaiandika na kuitetea mbele ya walimu. Yake inahusu wanawake wanaokausha ndagala, dagaa wa ziwani, ufukweni Kajaga, na namna ziwa linavyopanda na kuwasukuma. Akiitetea mwezi wa tano, kuna shule hapa Carama imemwahidi kazi ya kufundisha kuanzia Septemba. Asipoitetea, ni gereji. Baba yake hasemi kitu, lakini tayari amemshonea ovaroli mpya.

Ameshawahoji wanawake wa Kajaga. Anachokosa ni makala za wataalamu. Profesa Sébastien, anayemsimamia, anataka zisipungue kumi na nne. Na Taju asubuhi yuko chini ya magari, jioni anaandika. Makala atazitafuta saa ngapi?

"Mi nitazitafuta," nikamwambia.

"We?"

"Mi. Kifaransa changu kinashinda chako, na nimefungiwa ndani na simu. Unataka nini tena?"

Akanibeba, akanizungusha mpaka kitenge kikanivuka. "Batu banaoa bibi, mi nimeoa maktaba!"

Ya Rabi, furaha hii niiweke wapi?

Jumatatu 26 Februari

Nimekaa na simu tangu alfajiri. Makala ni nyingi kuliko nilivyodhani, za Wafaransa, za Wakongo, za Warundi wenzetu. Ila kila nikigusa moja, inafunguka kama mlango wenye mnyororo: naona jina la mwandishi, kichwa, na muhtasari wa mistari kumi, halafu kisanduku kinaniomba nenosiri la chuo. Nenosiri sina. Nimejaribu kumi na moja, zote hivyo hivyo.

Lakini mihtasari inaeleweka vizuri sana! Inasema wazo lote. Nikachukua zile kadi nilizokata kwenye karatasi ngumu, nikaandika juu jina la mwandishi na mwaka, katikati wazo, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule.

Taju aliporudi aliuliza kabla hata ya kuvua viatu. "Umepata?"

"Tatu!"

Akapiga kelele mlangoni: "Mama! Mukazana wako kapata tatu siku ya kwanza!" Mama Khadidja akapiga vigelegele kutoka jikoni, kama nimezaa. Taju akasoma kadi ya kwanza, kidole chake kikateremka mpaka chini.

"Ukurasa haupo, mpenzi. Profesa anataka ukurasa, ili mutu akitaka kuhakikisha, aone."

Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja tu: Taju, sijaifungua, nimeona kizingiti tu. Lakini alikuwa ananiangalia kwa macho yale, na kule jikoni vigelegele vilikuwa bado havijapoa.

"Kumi na saba," nikasema.

Tarehe ya ndoa yetu. Ilinitoka yenyewe. Akaiandika vizuri, 17, akaizungushia duara.

Si uongo mkubwa. Wazo lenyewe limo ndani ya makala, na lazima liwe kwenye ukurasa fulani.

Jumatano 28 Februari

Kadi nyingine mbili. Ukurasa wa 26, umri wake. Ukurasa wa 9, tarehe aliyonisalimia mara ya kwanza dukani kwa kaka yangu akijifanya anatafuta betri. Ninajua ninachofanya. Nikifunga daftari sitaki kukijua.

Jumapili 3 Machi

Mvua. Taju kalala alasiri kichwa chake kikiwa pajani pangu. Sikusogea kwa saa mbili, mguu umekufa ganzi. Kadi nane.

Alhamisi 7 Machi

Leo nimepata ile Taju anayoiita makala ya dhahabu. Mtafiti amewafuata wakaushaji wa samaki pembeni mwa ziwa hili hili. Muhtasari unasema kupanda kwa maji "kumeleta kuhama kutoka ufukweni na kuachwa kwa shughuli". Nikaandika kwenye kadi: wanawake wanaacha kazi ya kukausha na kuondoka.

Taju alisimama wima. "Ndiyo hiyo! Sura ya tatu yote itasimama hapo. Nilihisi, lakini sikuwa na mutu wa kunishuhudia. Ukurasa?"

"Thelathini na moja." Siku niliyozaliwa.

Akanibusu paji la uso. "Houda wangu, mi bila we ningekuwa wapi?"

Nilitaka kulia, nikasema ni vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Jumatatu 11 Machi

Kadi kumi na nne zimetimia. Kesho tunaanza kufunga, inshallah.

Ijumaa 15 Machi

Nimefunga siku nne. Mdomo hauli, haunywi, na bado uko na kazi yake ile ile. Taju aliniuliza kama ukurasa wa kadi ya sita ni 12 au 72, wino umechujuka. Nikasema 12. Nilikuwa na udhu.

Jumanne 19 Machi

Orlane amekuja kunitazama. Yeye yuko chuo, mwaka wa pili, na anajifanya mkubwa wangu ingawa tumezaliwa mwezi mmoja.

"Madame Tajudini! Banakufunga ndani mpaka lini? Umekuwa mweupe kama muhogo."

Tulicheka sana. Halafu nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa: zile makala zinazodai nenosiri, nyie chuoni mnazifunguaje?

"Pale maktaba ya kampasi, Mutanga Sud. Ukikaa kwa kompyuta zao zinafunguka zenyewe, hata nenosiri hauulizwi. Kwani Tajudini hajui?"

"Anajua, anajua," nikasema haraka. "Tumeshamaliza zote."

Akaniangalia kidogo, akaniuliza mapishi ya sambusa za futari. Alipoondoka nilikaa kitandani na zile kadi. Zinafunguka zenyewe, mwendo wa nusu saa kutoka hapa, na mimi siwezi kuvuka lango. Halafu wazo jingine likaja, nikalifukuza, likarudi: Taju anaweza kuvuka lango.

Jumatano 27 Machi

Baada ya futari Taju alitusomea sura ya tatu. Baba yake aliacha kahawa yake ipoe. Mama Khadidja haelewi Kifaransa kingi, lakini kila aliposikia Kajaga alitikisa kichwa kama anasikia jina la jamaa. Na mimi nilisikia namba zangu zikipita, moja baada ya nyingine. Ukurasa wa 17. Ukurasa wa 26. Ukurasa wa 31. Ndoa yetu na umri wake na siku yangu ya kuzaliwa, zimevaa suti za wataalamu.

Mwishoni alisoma ukurasa wa shukrani. "Kwa mke wangu Houda, aliyenifungulia makala zote hizi."

Aliyenifungulia! Mama Khadidja akanifuta machozi kwa upande wa mtandio wake. Alidhani ni ya furaha. "Basi, basi, mutoto wangu. Bwana anakupenda, utalia nini?"

Ijumaa 5 Aprili

Ziwa limeingia nyumba za Kajaga, kila mtu anasema. Mama Daphrose, anayemletea mama mkwe ndagala, alifika langoni amevaa mabuti ya mpira, kikapu kichwani, na ndagala zake kavu kabisa, zinang'aa.

"Nyumbani maji yako hapa," akaonyesha goti. "Bwana wangu kauza mtumbwi, kaenda Rumonge kwa ndugu yake. Banaume! Maji yakipanda, wao ni wa kwanza kuhama."

"Na we unakausha wapi?" Mama Khadidja akauliza.

"Pembeni ya barabara. Tuko arobaini pale, tunafukuzana na magari. Tuache ndagala? Tule nini, maji?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango kama mwari, nikisikia kila neno. Sura ya tatu ya mume wangu inasema huyu mwanamke ameacha kazi na kuondoka. Mwanamke mwenyewe alikuwa langoni kwetu, anabishana na mama mkwe kuhusu kipimo.

Sikumwambia Taju. Tarehe nane anakabidhi. Nikasema moyoni, labda watafiti wanajua kuliko Mama Daphrose.

Jumatatu 8 Aprili

Amekabidhi.

Jumatano 10 Aprili

Idi. Nguo ya waridi, hina mpaka viwiko. Watu wote wananiambia nimependeza. Taju amenipa manukato. Nimeomba msamaha kwa kila mtu kama ilivyo desturi ya siku hii, "unisamehe nilipokukosea", nikamwomba na yeye kwa maneno hayo hayo, akajibu, "Nimekusamehe, malaika wangu," bila kuuliza kosa gani. Msamaha wa namna hiyo sijui kama unahesabika.

Jumapili 14 Aprili

Wamenifunua! Shangazi zangu wamekuja kumi na mmoja, na vikapu, na nyimbo. Mama Khadidja mwenyewe aliinua mtandio wangu. Sasa ni mke wa watu, natembea ninapotaka. Walinipa ungo, ufagio na jembe dogo, nikafagia mara tatu na wote wakashangilia.

Najua ninapotaka kwenda.

Jumanne 16 Aprili

Nimekwenda Mutanga Sud na Orlane. Nilimwambia Mama Khadidja naenda kununua uzi. (Uongo mwingine. Nimekuwa stadi.)

Orlane akanikalisha mbele ya kompyuta, nikaandika kichwa cha makala ya kwanza, ile ya ukurasa wa 17. Ikafunguka. Hakuna mnyororo, hakuna kisanduku. Nikatafuta namba chini ya ukurasa wa kwanza.

203.

Nikadhani nimekosea makala. Nikashuka. 204, 205, mpaka 219. Makala nzima haina ukurasa wa 17. Nikafungua ya pili: inaanza 88. Ya tatu: 541! Kumbe makala hizi zinakaa pamoja ndani ya jarida kubwa, na namba zinafuatana tangu mwanzo wa mwaka, makala moja inaanzia ilipoishia nyingine. Mtu yeyote aliyewahi kufungua hata moja anajua hilo. Mtu yeyote, isipokuwa aliyeishia mlangoni.

"Umepauka," Orlane akasema. "Una mimba?"

"Ni jua."

"Jua gani, Houda? Nje mvua inapiga."

Jumatano 17 Aprili

Sikusema. Nilipika wali wa nazi. Alisifu.

Alhamisi 18 Aprili

Leo ninaandika polepole ili nisiruke kitu.

Taju alirudi saa nane mchana, si kawaida yake. Akaketi ukingoni mwa kitanda bila kunawa mikono.

"Profesa kaniita. Kaniuliza kama mi najua kuhesabu."

Nikabaki na mwiko mkononi.

"Anasema makala ya kwanza inaanza ukurasa wa mia mbili na tatu. Ukurasa wa kumi na saba wa jarida lile ni wa mutu mwingine kabisa, anaandika juu ya magonjwa ya muhogo." Alitaka kucheka, kicheko hakikufika. "Muhogo, Houda."

"Ulimjibu nini?"

"Nilimuambia nilikosea kunakili. Akasema, 'Mutu hakosei mara kumi na nne, bwana Tajudini. Mutu anakosea mara moja, halafu anaamua.' Kanipa mpaka ijumaa ya wiki ijayo. Nilete makala zote kumi na nne, na mstari chini ya kila kitu nilichosema. La sivyo jina langu halitakuwa kwa orodha ya mwezi wa tano."

Hakuwa amenitaja. Kakaa mbele ya mwalimu wake, kaitwa mwongo, na jina langu hakulitoa. Nikaanguka magotini pale pale.

"Ni mi. Sikufungua hata moja, Taju. Nilisoma mihtasari tu. Kurasa nilizitoa kichwani. Kumi na saba ni ndoa yetu, ishirini na sita ni miaka yako, tisa ni siku ile ya betri..."

Akaweka uso viganjani. Mabega yakatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. "Yaani umetuandika mu mémoire yote."

"Nisamehe."

"Nilijua."

Sikuelewa. Akarudia akitazama sakafu.

"Si hizo namba. Namba sikujua. Lakini nilijua kama haukuzifungua. Kadi tatu kwa siku moja, kwa simu? Na mlango ule wa nenosiri mi naujua, nimeugonga mwaka mzima."

"Na maktaba? Ulijua kama pale Mutanga zinafunguka?"

Akaanza kukwangua mafuta kwenye ukucha.

"Taju, kwa nini haukuniuliza?"

"Ningekuuliza," akasema, "ungenijibu."

Siku hamsini na kitu nimebeba dhambi yangu peke yangu, nimeswali nayo, nimefunga nayo, kumbe yeye alikuwa anatembea pembeni yangu mikono mitupu, ananisifu ili nisiitue. Nilimkasirikia kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Na hasira hiyo haikupunguza hata chembe ya kosa langu, nilidhani itapunguza. Nilimwangalia, mume wangu mzuri, na mafuta meusi kucha kumi zote, nikaona mtu. Mpaka leo nilikuwa sijamwona.

Mama Khadidja akaingia bila kubisha hodi. "Nimesikia. Ukuta wa nyumba hizi ni karatasi." Akatutazama, mmoja mmoja. "Kuna mwenye kuiba na kuna mwenye kushika gunia. Nani mwizi?"

Nikatazama mwiko, Taju akatazama vidole vyake.

"Vizuri. Kuleni. Kesho muende wote wawili mukasome. Mukazana kafunuliwa, hana kisingizio. Na we, gereji ya baba yako haitakufa kwa wiki moja."

Jumamosi 20 Aprili

Maktaba tangu asubuhi. Tumekaa kompyuta mbili tofauti. Makala nne. Nyingine nilizielewa vibaya, nyingine vizuri, nyingine nilikuwa na bahati tu.

Jumanne 23 Aprili

Makala tisa. Tunazungumza kuhusu makala peke yake.

Alhamisi 25 Aprili

Makala ya dhahabu, nimeisoma mimi. Mara mbili. Muhtasari ulisema "kuhama" na "kuachwa kwa shughuli" na mimi nikajaza kutoka kichwani mwangu nani anahama. Ukurasa wa 211 unasema wanaohama ni wanaume wenye mitumbwi, na kinachoachwa ni uvuvi. Wanawake, anaandika mtafiti, wanarudi kila asubuhi na kukausha popote palipo pakavu, hata ukingoni mwa barabara. Ni Mama Daphrose mtupu.

Nikamwita Taju. Akasoma amesimama, akasoma tena ameketi. Sura ya tatu yote ilikuwa inaporomoka mbele ya macho yake.

Halafu akasema kwa sauti ya chini, kwa sababu ni maktaba: "Tupige mstari kwa muhtasari. Maneno yako pale. Profesa hana muda wa kusoma zote kumi na nne."

"Taju."

"Ni mwezi wa tano, Houda. Ni ile shule. Unataka nife chini ya magari?"

Nani mimi wa kumjibu? Alipiga mstari mwenyewe, kwa rula.

Ijumaa 26 Aprili

Nilimsindikiza. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Profesa Sébastien, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Ni mtu mdogo, mwembamba, anaandika kwa penseli. Akachukua makala moja moja. Mbili, tatu, nne, "vizuri", "vizuri". Taju akaanza kukaa vizuri kwenye kiti. Ikafika ile ya dhahabu.

"Hapa umepiga mstari kwa muhtasari," akasema Profesa.

"Ndiyo, Profesa. Wazo liko pale lote."

"Lote?"

"Lote."

Sijui ni nini kiliniinua. Si ujasiri. Nilikuwa tu nimechoka kusikia uongo wangu kwa sauti ya mtu ninayempenda.

"Profesa, salama. Mi ni bibi yake. Zile kurasa za kwanza zote zilikuwa zangu, nilizibuni."

Taju hakugeuka. Niliona shingo yake inakaza.

Profesa akaweka penseli. "Na makala hii, Madame, umeisoma?"

"Mara mbili."

"Inasema nini?"

Nikamwambia. Ukurasa wa 211, wanaume, mitumbwi, barabara. Nikamwambia na habari za Mama Daphrose na mabuti yake, na kwamba nilimsikia kabla mémoire haijakabidhiwa, nikanyamaza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alimgeukia Taju.

"Ulipoingia hapa asubuhi, ulikuwa unajua hivi?"

Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mabati.

"Ndiyo," Taju akasema.

"Basi mwezi wa tano apana. Mwezi wa kumi na moja, kama sura ya tatu itaandikwa na mutu aliyesoma." Akamrudishia makala zote, zimepangwa. "Kwa leo, jibu lako la mwisho ndilo pekee nimelipenda."

Tulirudi kwa miguu mpaka Carama. Hakunisemesha njia nzima. Mvua ilitukuta, hakuna aliyekimbia.

Jumatano 1 Mei

Hasemi. Anakula, anashukuru, anatoka. Ile shule imepata mwalimu mwingine. Ovaroli mpya imetoka kabatini.

Jumatatu 6 Mei

Nilipodanganya nilikuwa na hatia ya kudanganya. Sasa nimesema kweli, na nina hatia ya kusema kweli. Nilimwambia Mama Khadidja hivyo wakati tunachambua mchele. Akatupa jiwe pembeni. "Hatia ya pili hiyo utaizoea. Ile ya kwanza mutu hazoei." Akaendelea kuchambua. "Na we usimlilie-lilie. Anakasirika kwa sababu amekuona na umemuona. Ndoa nyingine zinachukua miaka kumi kufika hapo."

Jumapili 12 Mei

Ananawa mikono mara moja tu siku hizi. Bado ninamsikiliza akinawa.

Jumamosi 18 Mei

Leo wenzake wameitetea kazi yao. Nilimpigia pasi suti aliyoishona kwa siku hii, akaivaa, akaenda kukaa nyuma pamoja na wasikilizaji na kuwapigia makofi wengine. Kola niliipiga pasi mara tatu, sikuwa na kingine cha kufanya kwa ajili yake.

Alirudi alasiri. Alivua koti, akalitundika. Mvua ilikuwa imekatika, tope la uwanja linaanza kupasuka. Nilikuwa nakunja nguo. Akasimama nyuma yangu, akasema maneno mengi kuliko yote ya wiki tatu hizi:

"Ile ya wakaushaji. Iko hapa?"

"Iko."

"Mi niliisoma natafuta pa kupiga mstari tu. Nisomee. Tangu mwanzo."

Akavuta kiti, akakaa, akatoa kalamu na daftari lake mwenyewe. Si kadi zangu. Nikaanza ukurasa wa kwanza, 198. Nilisoma sentensi moja, nikamweleza kwa Kiswahili, nyingine, nikamweleza. Aliandika. Katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi ndefu, imejaa maneno ya wanauchumi, na nilihisi mdomo wangu unajiandaa kusema chochote kitakachompendeza. Nikaufunga. Nikaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa sielewi," nikasema.

Akainama karibu yangu, bega lake likagusa langu, akaisoma mara ya kwanza, mara ya pili.

"Hata mi," akasema.

Tukabaki pale pale kwenye mstari huo.